Kuchuma, Kuchambua, Kuanika: Historia ya Maneno ya Kila Siku Kisiwani Pemba

Wanaisimu wa Kiswahili huyaita visawe maneno mawili au zaidi yanayotaja jambo moja, na huita polisemia ile hali ya neno moja kuwa na maana kadhaa zenye nasaba, ilhali homonimu ni maneno yaliyokutana kwa umbo tu pasi na udugu wa maana, kama lilivyo jina la madini, chuma, na kitenzi kuchuma. Istilahi hizi hufundishwa madarasani kana kwamba zinaihusu lugha peke yake, lakini anayeyafuatilia maneno ya kila siku ya Pemba, ya shambani, jikoni na barazani, huona kwamba kila kisawe kina zama zake za kuingia kisiwani, na kila maana ya pili ina watu walioihitaji. Hali hiyo haikuanzia Pemba. Kiingereza, ambacho wageni hukilalamikia kwa wingi wa visawe na maana zake, kilirithi hazina mbili za maneno baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, hata mnyama akiwa zizini akaendelea kuitwa kwa neno la wachungaji wa Kisaksoni, na nyama yake ikifika mezani ikaitwa kwa neno la mabwana waliosema Kifaransa. Pemba nayo ilikuwa na mabwana wake na wachungaji wake, na mahali pa kuwatafuta ni katika msamiati wenyewe.

Kisiwa hiki kimekaa kiasi cha kilomita 50 kutoka bara, ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu, na Waarabu wa zamani walikiita al-Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani. Kabla ya utawala wa Oman kukita mizizi, wakuu wa Pemba walijulikana kwa cheo cha diwani, na chini yao vijiji vilikuwa na masheha. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 majeshi ya Sayyid Said bin Sultan yaliwaondoa Wamazrui wa Mombasa waliokuwa wakikitawala kisiwa, na kuanzia hapo mamlaka ya madiwani yakafifia hatua kwa hatua, lakini neno lao halikufa. Lilihamia kwingine: leo diwani ni mjumbe wa baraza la mji au wilaya aliyechaguliwa kwa kura, na kwa wapenzi wa fasihi diwani ni mkusanyiko wa mashairi, maana iliyotoka katika Kiarabu na Kiajemi, ambamo neno hilo lilikuwa likitaja daftari, baraza la serikali na kitabu cha shairi kwa pamoja. Sheha naye alikuwa mkuu wa kijiji kwa nasaba na kwa heshima ya wazee, naye sasa ni mtumishi wa serikali anayesimamia shehia na kuandika barua za utambulisho. Msomaji wa nyaraka za karne ya 19 anayezichukua maana za leo na kuzirudisha nyuma atajikuta amewapa madiwani wa Pemba posho za vikao.

Lakini historia ya vyeo ni nyembamba ikilinganishwa na historia ya karafuu. Mmea huo ulifika Unguja mapema katika karne ya 19 na kuenezwa kwa nguvu za watumwa, na Pemba ilikuwa ya pili mpaka tufani ya Aprili 1872 ilipoipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu yake mingi huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na msamiati wa zao hilo umekuwa lugha ya kila nyumba. Ndani ya msamiati huo vitenzi vitatu vinatosha kuonyesha jinsi maana zinavyozaana.

Kuchuma, kwanza, ni kulitoa tunda au ua mtini kwa mkono. Mchumaji wa karafuu hupanda mti, huvuta tawi kwa kigoe, yaani kijiti chenye ndoano, huvunja vishada vya vikonyo vyenye tumba ambazo hazijafunguka, na kuvitia katika pakacha. Malipo yake hupimwa kwa pishi, kipimo cha ujazo chenye vibaba vinne, na kwa hiyo kiasi alichokichuma mtini ndicho kiasi cha pesa atakachokwenda nacho kwao. Kiswahili chote kina maana ya kuchuma kuwa ni kupata mali au faida, na chumo ni pato. Wala haidaiwi hapa kwamba maana hiyo ilizaliwa Pemba, kwa kuwa pwani nzima inayo. Linaloonekana Pemba ni kwamba maana hizo mbili hazikupata nafasi ya kuachana. Kwingine mtu huchuma mali bila kugusa jani, na kitenzi kikabaki kama sitiari iliyopoa. Kwa Mpemba wa msimu wa karafuu, aliyechuma kidogo amechuma kidogo, kwa maana zote mbili, na hakuna anayehitaji kuuliza ipi imekusudiwa.

Kuchambua hufuata jioni. Vishada humwagwa juu ya jamvi, na watu wa nyumba, wanawake na watoto wakiwa wengi, hukaa kukizunguka kichungu hicho. Kishada huwekwa kiganjani, hukandamizwa na kusokotwa kwa kiganja cha pili, tumba zikaanguka upande mmoja na vikonyo vikatupwa upande mwingine. Havitupwi kwa maana ya kuachwa, kwani makonyo, kama yanavyoitwa kwa wingi wake, huuzwa pia kwa ajili ya kukamuliwa mafuta, sawa na mpeta, yaani tunda la mkarafuu lililoachwa mtini likapevuka. Kazi nzima ni ya kutenganisha vilivyoota pamoja, na kila kimoja kikapewa jina na bei yake. Wahakiki walipotafuta neno la kazi ya kukipitia kitabu sehemu kwa sehemu walisema uchambuzi, na huenda wengi wao hawakuwahi kukaa kwenye jamvi la karafuu, maana kitenzi hiki hutumika pia kwa pamba, mboga na mchele. Hata hivyo hakuna mahali ambapo uchambuzi unaonekana kwa macho kama Pemba.

Kuanika ndiyo hatua ya mwisho kabla ya gunia. Tumba hutandazwa juani kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi ya hudhurungi iliyokoza na ziwe kavu kiasi cha kuvunjika, na familia hulitazama wingu kwa hofu, kwa kuwa karafuu iliyonyeshewa hupoteza rangi na bei. Kwa kuwa anayeanika hulazimika kukitoa nje kila alichonacho, na jirani akaona wingi au uchache wake, si ajabu kwamba kuanika siri za mtu ni msemo wa lawama. Katika kisiwa ambacho ukumbi wa mbele ni mahali pa kuanikia na pia mahali pa kupita watu, maana ya pili ilikuwa tayari imo katika ile ya kwanza.

Mashamba hayo yalileta pia maneno ya watu, na hapa visawe huanza kuuma. Katika karne ya 19 mtumwa hakuwa na jina moja. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, kwa maana ya mgeni asiyejua lugha wala desturi za pwani. Aliyeletwa akiwa mtoto na kukulia pwani alikuwa mkulia. Na aliyezaliwa hapa hapa nyumbani kwa bwana alikuwa mzalia. Yote matatu yalitaja hali moja ya kisheria, na mtu wa nje angeyahesabu kuwa ni visawe vya mtumwa, lakini kwa waliohusika tofauti ilikuwa kubwa, kwa sababu mzalia alikuwa Mwislamu na mtu wa Kiswahili, aliyeweza kudai heshima ambayo mjinga hakuidai. Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kukomesha hali ya kisheria ya utumwa mwezi wa Aprili 1897, mfumo ulianza kuvunjika, na maneno yakatawanyika kila moja kwa njia yake. Mkulia halisikiki tena. Mjinga limebaki kuwa tusi la kukosa akili, na wanaolitumia leo hawajui kwamba wanarudia dharau ya soko la watumwa.

Ubavuni mwa mzalia kuna neno la pili lenye mzizi ule ule. Kitenzi ambacho Kiswahili sanifu hukitamka kuzaa kina umbo la kuvyaa katika lahaja kadhaa za pwani na visiwani, Kipemba kikiwa kimoja, na katika jamaa ya umbo hilo huhesabiwa mvyale, jina la mtu wa ukoo wa asili mwenye dhamana ya ardhi na ya mizimu ya mahali. Mvyale na mzalia, kwa sarufi tupu, ni watu wawili waliozaliwa mahali wanapoishi. Mmoja alikuwa na mamlaka ya kumkubalia mgeni akate msitu, na mwingine hakuwa na mamlaka juu ya mwili wake. Kamusi ikisema tu kwamba vyaa ni sawa na zaa inasema kweli kuhusu sauti na kunyamaza kuhusu jamii, na hapo ndipo dhana ya kisawe, kama inavyofundishwa, inapoonyesha udhaifu wake.

Baada ya 1897 lilihitajika neno la mfanyakazi asiye mtumwa, nalo lilikuwapo tayari: kibarua, yaani barua ndogo, kutokana na cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Jina la karatasi likawa jina la aliyeishika, kisha likawa jina la kazi yenyewe, hata mtu akasema amepata kibarua bila kumaanisha karatasi wala mtu. Wamisionari wa Kikweka waliofika Pemba mwaka huo huo wa 1897 na kuweka kituo Banani, karibu na Chake Chake, walikuja na shabaha ya kuwaajiri walioachwa huru, na maafisa wa Kiingereza waliotawala kisiwa kwa jina la Sultani walikuwa na haja ya kuwapata wachumaji kila msimu. Kwa watu hawa wote kibarua lilikuwa neno la lazima, kwa kuwa halikumtaja mtu kwa ukoo wala kwa hali yake ya zamani.

Wageni hao walikuja pia na kamusi. Arthur Cornwallis Madan wa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na kazi yake ilimlazimisha kukabili tatizo ambalo mtafsiri wa kawaida hulikwepa, kwamba vitenzi vya kila siku vya Kiingereza, vile vifupi vya kuchukua, kuweka na kupata, vina maana nyingi mno hata haviwezi kupewa neno moja la Kiswahili, na kwamba kinyume chake pia ni kweli. Kitenzi kimoja cha Kiingereza, carry, hukutana na kundi zima. Mtu hujitwika mzigo kichwani, humpakata mtoto mapajani, humweleka mgongoni au ubavuni kwa kitambaa kiitwacho mbeleko, na hubeba gunia. Na kupagaa ni kuchukua mzigo begani, ndiko alikotoka mpagazi wa misafara. Kutokana na kitenzi hiki cha mwisho hutoka kupagawa, yaani kushikwa na pepo, kana kwamba mtu amepandwa mabegani na asiyeonekana. Kwa kuwa sifa ya Pemba katika uganga ilikwishaenea pwani nzima, na waandishi wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20 hawakuchoka kuieleza, maana hii ya pili ilizoeleka kisiwani pengine kuliko ile ya mzigo.

Jikoni mambo ni mepesi zaidi. Mpunga ni wa kondeni, mchele ni uliokobolewa, wali ni uliopikwa, na ukoko ni ule ulioshika chini ya chungu, ambapo Kiingereza kina neno moja tu kwa yote ya mwanzo; kadhalika nazi huanza kidaka, ikawa kitale, dafu na koroma kabla ya kuwa nazi. Haya si visawe, ingawa mgeni huyachukulia hivyo. Visawe vya kweli ni vile vinavyowagawa watu kwa mahali: tungule ni nyanya kwa Wazanzibari, na mwiku ni kiporo cha usiku wa jana kinacholiwa asubuhi. Tembo visiwani ni kinywaji cha mgema kitokanacho na mnazi, na mnyama mwenye mkonga huitwa ndovu, kwa hiyo tangazo la bara la kuwalinda tembo lina uwezo wa kusomwa Pemba kwa namna ambayo mwandishi wake hakuitarajia. Jina la mji wa Mkoani, bandari ya kusini ya kisiwa, huleta taabu ya namna hiyo hiyo kwa wahariri, kwa kuwa habari ya jambo lililotokea mkoani, ikisikika redioni pasi na herufi kubwa, haiwezi kujulikana kama ni ya mji ule au ya mkoa wowote ule nchini.

Mgawanyiko ulioamua hatima ya maneno ya Pemba haukuwa wa jikoni wala wa shambani, bali wa kamati. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, alijenga juu ya Kimvita cha Mombasa. Edward Steere, kwa kitabu chake cha sarufi cha 1870, alijenga juu ya Kiunguja cha mjini. Pemba, iliyo kati ya miji hiyo miwili, haikupata mwandishi wa namna hiyo. Mwaka 1924 William Harold Ingrams, afisa wa serikali aliyefanya kazi Pemba, alichapisha makala kuhusu lahaja za milki ya Sultani, lakini mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikwishachagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji wakati makala hayo hayajafikisha hata miaka mitano. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ndiye aliyesimamia kamusi iliyotoka mwaka 1939. Mwaka huo huo kamusi ya padri wa Kifaransa, Charles Sacleux, ilianza kutoka Paris, nayo ilikuwa na tabia tofauti kabisa: ilikusanya maneno ya lahaja zote alizozijua na kuliwekea kila neno alama ya mahali linaposemwa. Waliosanifisha walitaka neno moja kwa jambo moja, kwa kuwa walikuwa na vitabu vya shule vya kuchapisha katika nchi nne. Sacleux alitaka maneno yote, kwa kuwa hakuwa na shule ya kulisha. Hukumu ya haki ni kwamba wote wawili walifanikiwa katika walilolitaka, ila gharama ya mafanikio ya wa kwanza ililipwa na lahaja.

Mpemba aliyesema n'chakwenda alifundishwa kuandika nitakwenda, na aliyeuliza kuna n'ni alisahihishwa kuwa una nini, ijapokuwa kiambishi cha -cha- cha wakati ujao na ku- cha nafsi ya pili vilikuwa na utaratibu wao kamili. Wilfred Whiteley alipofanya utafiti kisiwani na kuchapisha kitabu chake mwaka 1958, alizitaja lahaja za Pemba kwa wingi katika jina la kitabu, si lahaja moja, kwa sababu alikuta vijiji vinatofautiana, na pamoja na lahaja akaweka mashairi. Uamuzi huo wa kuviweka viwili pamoja ulikuwa wa busara kuliko ulivyosifiwa. Ushairi ndio uliokuwa kamusi ya visawe ya Wapemba kabla ya kamati yoyote. Shairi lenye mizani 16 katika mshororo, vina vikiwa katikati na mwisho, humlazimisha mtunzi awe na neno la silabi mbili na jingine la silabi tatu kwa jambo lile lile, na awe na moja linaloishia na -na na jingine linaloishia na -to. Ndiyo maana watunzi wa pwani walihifadhi mato kando ya macho, na kuyatoa kila vina vilipoyadai. Kamange, ambaye jina lake kamili ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmi, na Sarahani bin Matwar, washairi wawili wa Pemba ambao tungo zao zimekusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa mwaka 2011, walikuwa mabingwa wa kujibizana, na katika majibizano mwenye neno moja tu kwa kila jambo hushindwa mapema. Fumbo nalo lilitegemea polisemia: neno lenye maana mbili lilimwezesha mtunzi kumchoma mpinzani mbele ya watu huku akiwa na pa kujitetea.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, iliyotungwa Dar es Salaam, iliendeleza mkondo wa Johnson, na Wazanzibari wengi walilalamika kwamba maneno yao yanaonekana humo kama wageni. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilijibu kwa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na hata jina lake, lenye kamusi la badala ya kamusi ya, lilikuwa tangazo. Baadaye baraza hilo likageukia pia kamusi za lahaja, Kipemba kikiwamo.

Wakati huo huo Kiingereza kiliendelea kuongeza tabaka lake, nalo ni jembamba kuliko wasemavyo wanaokiogopa. Zanzibar ilichukua skuli kutoka Kiingereza wakati Tanganyika ilichukua shule kutoka Kijerumani, na baada ya Muungano wa 1964 maneno hayo mawili ya Ulaya yamekuwa alama ya upande gani wa bahari mtu amesomea. Neno la zamani zaidi la jambo hilo ni chuo. Kwanza lilikuwa kitabu, maana inayoonekana katika maandishi ya kale na katika kamusi za karne ya 19. Kisha likawa mahali kinaposomwa kitabu, yaani Kurani, na kutoka hapo likatoka mwanachuoni, mtu wa elimu ya dini. Na katika karne ya 20 likapewa kazi ya kutaja taasisi za elimu ya juu. Pemba imezibakisha maana hizi mbili za mwisho kwa pamoja. Mtoto wa miaka sita anayekwenda chuoni alasiri baada ya skuli, msahafu ukiwa kifuani, na kaka yake anayerudi chuoni kwa meli ya Unguja baada ya likizo hutajwa kwa kitenzi kimoja na nomino moja, na wanaowasikiliza huwatofautisha kwa saa ya kuondoka na ukubwa wa begi.